Mezani kwa Karani: Ufunguo wa Kabati la Vitabu



Juma lililopita nilikuwa nimeketi mezani nikiandika vyeti vya ubatizo, mara akaingia kijana wa bodaboda na barua mkononi. Barua yenyewe imetoka kwa mwalimu mmoja wa kike, afundishaye darasa la pili katika shule ya kijiji kisicho mbali na parokia yetu. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa ameomba hivyo. Asema anao watoto themanini na watatu. Vitabu vya kiada anavyo kumi na tisa, na vya hadithi hana hata kimoja. Sasa msamaria mmoja mwenye duka la pembejeo amemwahidi shilingi laki moja baada ya mauzo ya korosho, ili anunue vitabu vya kusoma. Basi auliza, "Karani, wewe uliyesomea ualimu, ninunue vitabu gani?"

Mwalimu huyo nimekwisha kumjibu kwa barua. Lakini naona jibu hili lawafaa wengi, walimu na wazazi pia, kwa hiyo nalileta hapa gazetini kwa kirefu zaidi. Wale waliozoea kusoma hapa habari za mafundisho ya ndoa na orodha za zaka watanivumilia juma hili.

Kabla sijataja kitabu chochote, sina budi kusimulia jambo moja langu mwenyewe, maana bila hilo ushauri wangu hautakuwa na miguu.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu tulipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha, nami nikapangiwa shule moja ya kijijini ambayo haina haja ya kutajwa. Wakati huo shule ilikuwa imepokea katoni mbili za vitabu vya hadithi, vipya kabisa, vyenye picha za rangi. Mwalimu mkuu akanikabidhi mimi nivitunze, maana niliandika hati nzuri. Nikavihesabu, nikavipiga mhuri kimoja kimoja, nikaviorodhesha katika daftari, nikavipanga kabatini, nikafunga kufuli. Ufunguo nikauvaa shingoni kama askari wa benki. Watoto walipoomba niliwaambia wakanawe mikono kwanza. Waliporudi wamenawa niliwaambia kipindi kimekwisha. Sikuwa na ubaya nao, lakini niliogopa. Nilikuwa nimeambiwa kwamba kitabu kikipotea nitakilipa, nami posho yangu wakati ule haikutosha hata sabuni.

Muda wangu ulipokwisha nilirudisha vitabu vyote kamili, visafi, hata harufu ya wino wa chapa ilikuwa haijatoka. Nikasifiwa mbele ya walimu wote kwa uaminifu wangu. Nami nilifurahi sana kusifiwa.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, akaja ofisini kijana mmoja na mchumba wake kuandikisha ndoa. Yeye ndiye aliyenitambua. "Shikamoo mwalimu," akasema, "ulitufundisha darasa la nne." Tukaongea vizuri, tukacheka. Nikamsogezea fomu na kalamu. Akaitazama kidogo, akaisukuma kwa mchumba wake. Mchumba akamsomea kwa sauti ndogo, na ilipofika mahali pa kutia sahihi, kijana akanyosha dole gumba. Akalichovya katika wino, akasema kwa mzaha kwamba dole lake halijawahi kukosea herufi. Mchumba akacheka. Mimi nilitafuta kitambaa cha kumfutia wino, na nilikitafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa.

Sisemi kwamba vitabu vile vingemfanya msomi. Huenda alikuwa na shida nyingine nisizozijua, nami nilikuwa pale kwa majuma machache tu. Lakini alikuwa mmoja wa wale waliokwenda kunawa mikono.

Basi, Bibi Mwalimu, jambo la kwanza kabla ya kununua ni kuamua kwamba vitabu vitachakaa. Kitabu cha mtoto kisichochakaa hakikusomwa. Nunua ukijua kwamba baada ya miaka mitatu majalada yatakuwa yamelegea na kurasa zingine zimetiwa alama za vidole vyenye mafuta ya korosho. Zungumza na mwalimu mkuu na kamati ya shule mapema, mwandike katika kumbukumbu za mkutano kwamba kitabu kilichochakaa kwa kusomwa si hasara ya mwalimu. Maneno hayo machache yaliyoandikwa na kutiwa sahihi yatafungua makufuli mengi. Kwa vile vitakavyopotea kwa uzembe, mzazi atatoa kingine au atatoa nusu ya bei, kama mtakavyopatana. Na jalada lililong'oka hushonwa kwa sindano ya magunia na kugandishwa kwa uji wa muhogo uliopikwa mzito. Wadudu huupenda uji huo, kwa hiyo tia majani ya mwarobaini kabatini.

Je, jambo lenyewe ni kubwa kiasi hiki? Ni kubwa. Watu wa Uwezo, ambao hupita nyumba kwa nyumba kuwapima watoto kusoma na kuhesabu, walipotoa habari zao za mwaka 2010 walionyesha kwamba katika Tanzania watoto wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili ni kama watatu tu katika kila kumi. Hadithi ya Kiswahili, nasema, si ya Kiingereza. Mwaka 2015 serikali ikabadili mtaala wa darasa la kwanza na la pili, ikakazia Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ambayo walimu huiita KKK kwa ufupi. Kwetu mkoani Mtwara, pamoja na Ruvuma, Iringa, Morogoro na Visiwani, ulipita pia mradi wa Tusome Pamoja tangu 2016 hata 2021, na vitabu vyake vidogo vya kusoma huenda bado vimo katika baadhi ya shule. Bibi Mwalimu, anza hapo. Kabla hujatumia senti moja, muulize mwalimu mkuu, kwa heshima, kama hakuna katoni ya miaka ile iliyosahauliwa chini ya majembe. Nina shaka zangu, nawe waelewa kwa nini.

Sasa tuje kwa hadithi zenyewe.

Kwa wadogo kabisa, hadithi niipendayo kuliko zote haihitaji kununuliwa. Ni hadithi ya mwalimu Goso. Askofu Edward Steere wa Waanglikana aliiandika kama alivyosimuliwa na watu wa Unguja, akaitia katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili kilichopigwa chapa London mwaka 1870. Goso alikuwa akifundisha watoto chini ya mbuyu. Siku moja paa akapanda mtini kuiba mabuyu, buyu moja likaanguka, likampiga mwalimu kichwani, akafa. Wanafunzi wakamzika, kisha wakatoka kumtafuta aliyemwua mwalimu wao. Wakaushika upepo wa kusi, wakaupiga, kwamba wewe ndiwe uliyeangusha buyu. Kusi akajitetea kwamba angekuwa na nguvu hivyo, asingezuiwa na kiambaza. Wakaenda kwa kiambaza. Kiambaza akawaelekeza kwa panya amtoboaye, panya kwa paka, paka kwa kamba, kamba kwa kisu, kisu kwa moto, moto kwa maji, maji kwa ng'ombe anywaye, na hivyo hivyo mpaka wakamfikia paa mwenyewe. Paa hakuwa na neno la kujitetea.

Mwalimu mwenye macho ataona mara moja hazina iliyomo humu. Kila hatua maneno yale yale yarudiwa na moja jipya laongezwa, na hakuna mtoto achokaye kurudia, maana kila mmoja ataka kujua nani atapigwa sasa. Fanya hivi. Chukua boksi la sabuni, likate vipande, andika kwa hati kubwa neno moja katika kila kipande: paka, kisu, moto, maji, paa. Anza na hayo matano, maana silabi zake ni nyepesi. Panya, kamba, kiambaza na ng'ombe uyaache kwa majuma yafuatayo, maana zile sauti za ny, mb na ng' huwakwaza wadogo. Wape watoto watano vipande hivyo, wasimame mbele. Wewe simulia, na unapofika kwa paka usilitamke neno. Nyosha kidole tu, darasa lisome. Kesho wabadilishane vipande. Kesho kutwa changanya mpangilio, uwaache wenyewe waupange. Watoto themanini na watatu wataweza kushiriki, na hujatumia hata shilingi.

Walimu wengine wameniambia kwamba hadithi ya mwalimu kuuawa na buyu haifai mbele ya watoto. Mimi naona yafaa sana. Watoto hucheka kwanza, kisha hukasirika kwa niaba ya mwalimu wao, nasi walimu hatupati mambo hayo mawili kila siku.

Hadithi hiyo hiyo iandike katika kitabu kikubwa. Karatasi za kalenda ya mwaka uliopita zina mgongo mweupe, nazo ni kubwa kiasi kwamba mtoto wa nyuma aona. Ukurasa mmoja sentensi moja, na picha wachore watoto wenyewe. Nimekwisha kuona ng'ombe aliyechorwa na mtoto akiwa na miguu sita, na hakuna aliyekataa kumsoma.

Pili, kuna hadithi zinazopatikana bure kwa simu. Shirika la Saide la Afrika ya Kusini lilianzisha mkusanyo uitwao African Storybook, wenye hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, na Kiswahili kimo. Zimepangwa kwa daraja tano: za maneno ya kwanza, za sentensi za kwanza, za aya za kwanza, za aya ndefu zaidi, na za mwisho ambazo mwalimu huwasomea watoto kwa sauti. Waandishi wametoa ruhusa kuzinakili, kuzipiga chapa na kuzifasiri, mradi jina la mwandishi litajwe. Nyingine haziruhusiwi kuuzwa, basi usiuze. Siku uendapo mjini kufuata mshahara, tumia bando kidogo uzipakue, zitakaa katika simu yako hata urudipo kijijini kusiko na mtandao. Kisha iandike hadithi moja ubaoni au katika karatasi ya kalenda. Usiwapitishie watoto simu. Watagombania simu na hadithi wataisahau.

Nakuonya jambo moja. Hadithi nyingi katika mkusanyo huo zimefasiriwa, na Kiswahili cha baadhi yake kimepinda. Utakuta sentensi ambayo bibi yako asingeielewa. Kwa hiyo soma kwanza wewe mwenyewe kwa sauti, peke yako, jioni. Palipokwama ulimi wako, hapo mtoto ataanguka. Rekebisha unaponakili ubaoni. Mwalimu ambaye hawezi kurekebisha sentensi moja ya Kiswahili atakuwa na shida kubwa kuliko ya vitabu.

Tena, wengi wa watoto wetu hutoka nyumbani na Kimakonde, Kimwera, Kimakua au Kiyao. Kiswahili cha barabarani wanacho, lakini maneno kama "kiambaza" au "tahadhari" hawajapata kuyasikia. Simulia kwanza hadithi kwa maneno wayajuayo, hata kwa lugha ya nyumbani kama unaijua, ndipo mwisome. Mtoto anayejua kwamba paka atakuja baada ya panya hulitambua neno kwa urahisi zaidi kuliko yule anayeparamia herufi gizani. Na katika kufundisha herufi, kumbuka ile kanuni ya mtaala wa KKK: fundisha sauti, usifundishe jina. Mtoto aliyekaririshwa kwamba herufi hii ni "ema", hii ni "a", akiambiwa aziunganishe atasema "emaa", kisha atakutazama kwa huruma.

Vitabu vya kiada na miongozo ya walimu vyaweza kusomwa bure katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Hilo lajulikana, sitalikalia.

Sasa ile laki moja. Usinunue nakala arobaini za kitabu kimoja. Najua ndivyo tufanyavyo, ili kila dawati lipate chake na mkaguzi aone usawa. Lakini kitabu cha hadithi mtoto akikisoma mara tatu amekimaliza, na wewe utabaki na nakala arobaini za hadithi iliyokwisha. Nunua namna nyingi tofauti, kila moja nakala nne au tano, watoto wakae vikundi na kupokezana. Wauzaji wa vitabu watakusukumia vile vilivyojaa ghalani. Omba uvifungue kwanza. Angalia herufi: je, ni kubwa? Angalia picha: je, yaonyesha jambo lile lile lililoandikwa chini yake? Nimewahi kuona kitabu chenye maneno ya mbuzi na picha ya kondoo, na watoto wakabishana kipindi kizima. Hesabu maneno katika ukurasa. Yakizidi ishirini, hicho si cha darasa la pili.

Tafuta vile vilivyotungwa hapa kwetu. Tangu 1991 uko Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa Dar es Salaam kwa sababu wakati ule vitabu vya watoto vya Kiswahili vilikuwa vimeadimika sana. Ulikuwa ukiwasaidia waandishi na wachoraji, tena ukinunua sehemu ya nakala kutoka kwa wachapaji na kuzigawa mashuleni. Mwaka huo huo wa 1991 ilianza pia kampuni ya Mkuki na Nyota ya Walter Bgoya, na vitabu vyake vya watoto ni vizuri kwa picha na kwa lugha. Mama Elieshi Lema, aliye mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya E & D, ni mwandishi wa kitabu cha "Safari ya Prospa", nacho wakubwa wa darasa la tano na la sita wanakifurahia. Na sisi wa kusini tusisahau kwamba Ndanda na Peramiho kuna mitambo ya chapa ya Wabenediktini, ambayo imewapa watu wetu vitabu vya Kiswahili kwa miaka mingi. Ukipita Ndanda kwenda hospitali, ingia na pale.

Kwa darasa la nne na la tano, chukua Abunuwasi. Mzazi mmoja alinijia na malalamiko kwamba Abunuwasi ni mwongo na tapeli, na kwamba ofisi ya parokia haifai kuazimisha kitabu cha tapeli. Nikamsomea kile kisa cha sufuria. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria kidogo ndani, akasema imezaa. Jirani akakubali kwa furaha. Siku nyingine akaazima tena, hakuirudisha, akasema imekufa. Mzazi yule akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akakumbuka mkopeshaji fulani wa kijijini kwao, akacheka tena. Akaondoka na kitabu. Watoto hawajifunzi utapeli humo. Wanajifunza kwamba mwenye tamaa huamini analotaka kuamini, na wanajifunza kusoma mpaka mwisho wa ukurasa bila kuambiwa.

Kwa darasa la sita na la saba, "Adili na Nduguze" cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Wako walimu waniambiao ni kigumu. Ndiyo, ni kigumu mtoto akiachiwa peke yake. Lakini msomee wewe, kidogo kidogo, dakika kumi kila siku kabla ya kengele ya kwenda nyumbani. Anza na Mfalme Rai na yule liwali wake Adili anayewapiga manyani wawili kila usiku, naye hataki kusema kwa nini. Ukifika hapo funga kitabu. Kesho hakuna atakayechelewa shuleni. Kisa chenyewe kina mizizi katika Alfu Lela Ulela, lakini Kiswahili ni cha Shaaban Robert, na mtoto aliyekisikia kikisomwa vizuri huanza kuandika insha zenye sentensi zilizonyooka. Nimeshuhudia hilo katika watoto wa parokia.

Hapo hapo nionye juu ya "Shamba la Wanyama", ile tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Kwa sababu kimejaa nguruwe, farasi na kuku, watu hukinunulia watoto wa darasa la tatu. Ni kitabu kizuri, na watu wazima wanaogombea vyeo wangefaa kukisoma, ila wadogo hawakiwezi. Kingoje sekondari.

Katika nyumba zetu wengi mnayo ile Biblia ndogo ya Watoto yenye picha, ambayo Padre Werenfried van Straaten na shirika la Aid to the Church in Need waliitoa kwanza mwaka 1979, ikafasiriwa kwa lugha nyingi sana. Mara nyingi naiona imefungwa katika karatasi ya nailoni juu ya kabati la vyombo, pamoja na mishumaa ya Kipaimara. Sentensi zake ni fupi na nzuri kwa anayejifunza. Itoeni kwenye nailoni.

Nanyi wazazi msiojua kusoma, msidhani barua hii haiwahusu. Mama mmoja wa jumuiya yetu, mjane mwenye wajukuu wanne, hajui herufi hata moja. Kila jioni humweka mjukuu karibu na taa ya sola akimenya mihogo, humwambia, "Nisomee." Mtoto asomapo, bibi husema neno moja tu, "Halafu?" Mtoto akiruka mstari, bibi hutambua, maana hadithi haishikani, naye humwambia, "Rudi, hapo umenipoteza." Wajukuu wale wote wanne wanasoma. Mwalimu wao aliniambia hajawahi kuwafundisha zaidi ya wengine. Kwa hiyo, baba, ukirudi shambani na mtoto ana kitabu, usimtume dukani kwanza. Keti dakika kumi. Muulize nani yumo katika hadithi, ametaka nini, na limempata nini. Hayo matatu yatosha, na majibu yake utayajua hata kama hukusoma.

Watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu nawaombea pia jambo moja katika msimu wa korosho. Shule zetu huwa tupu miezi hiyo, nami najua kwa nini, sitahubiri. Lakini mtoto aendaye shambani na kitabu kimoja katika mfuko wa nailoni hupata nusu saa ya kusoma chini ya mkorosho wakati wa jua kali. Mwalimu, azimisha vitabu hata wakati huo. Hasa wakati huo.

Namna ya kuazimisha ni rahisi. Daftari moja kubwa, mistari minne: tarehe, jina la mtoto, jina la kitabu, tarehe ya kurudisha. Mpe kazi hiyo mtoto wa darasa la sita anayependa kuandika, naye ataifanya kwa ukali kuliko wewe. Mtoto asiyejua kuandika jina lake bado, achore alama yake mwenyewe, samaki au nyota. Baada ya majuma machache utaona samaki amefutwa na jina limeandikwa.

Mwisho, mmoja ameuliza kama ofisi ya parokia yaweza kuwasaidia walio mbali na shule. Baba Paroko ametupa lile kabati la zamani la sakristia, nami nimelitia vitabu sitini na viwili, vingine vimechoka, vingine vipya. Linafunguliwa kila Jumapili baada ya Misa ya pili mpaka saa saba mchana, na Jumatano jioni baada ya mazoezi ya kwaya. Halina kufuli. Mlango wake haukai, basi umefungwa kwa kipande cha kanga.

Bibi Mwalimu aliyeniandikia, ukishapata ile laki moja nijulishe siku uendayo Masasi, tutakwenda pamoja, maana mimi nina hati za kupeleka huko. Na aliyeazima "Hekaya za Abunuwasi" Jumapili ya pili ya mwezi uliopita, akaandika jina lake kwa haraka hata sikuweza kulisoma, tafadhali akilete akimaliza. Kuna watoto watatu wanakingoja, na mmoja wao huja ofisini kila siku kuuliza.